Ugonjwa wa Kuchekwa

Kila Jumapili mchana, misa ya pili ikishatoka, nusu ya mtaa ilihamia sebuleni kwa Atuganile. Hakuna aliyealikwa na hakuna aliyebisha hodi mara mbili. Viti vikijaa watu wanakaa mkekani, mkeka ukijaa wanakaa mlangoni, na waliochelewa wanasimama dirishani wakichungulia kama watu wanaoaga maiti. Kilichowaleta ni Makoti Mapya, mchezo wa kuchekesha wa kwenye tivii, wa madaktari vijana waliotoka chuoni jana na leo wamekabidhiwa wagonjwa wa kweli wajifunzie. Yupo Dokta Tetere anayezimia akiona damu. Yupo mwenzake anayepima mapigo ya moyo ya mgonjwa huku ameshika mkono wa nesi. Na yupo bosi wao, mzee mnene, ambaye kazi yake ni kufika wakati kila kitu kimeshaharibika.

Mtaa wa Kizwite una tivii nyingi, watu wasidanganyane. Lakini kwa Atuganile kulikuwa na chai ya tangawizi, na viazi vya kuchemsha, na mwenye nyumba aliyecheka kabla mchekeshaji hajamaliza kusema. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, ameolewa na Mfipa na kumzalia binti, Violeth, na kitu pekee alichokataa kujifunza Ufipani ni kukaa kimya. "Nyumba isiyo na kelele ni kaburi lililoezekwa bati," alikuwa akisema. Mumewe Isdori, fundi seremala, mtu wa maneno machache na mabega mapana, aliyapenda makelele hayo kama mtu anavyopenda moto wakati wa baridi, yaani kwa kukaa karibu bila kuuchochea.

Kipindi kilichowavunja mbavu kuliko vyote kilikuwa cha mzee mwenye ngiri. Mzee aliingia hospitali na sauti nzito kama ng'ombe dume, akipiga mikwara, hataki kushikwa na vitoto. Wakamlaza, Dokta Tetere akashika kisu, akauliza wenzake "ni kipi hasa cha kukata?" Mzee akatoka na sauti ya kifaranga. Kufika kwake, mbwa wake mwenyewe akambwekea. Jirani Hellena alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Wiki nzima watoto wa mtaa walisalimia wakubwa kwa sauti ile, "shikamoo" nyembamba kama uzi, na kule karakana Isdori aliiga kuliko wote. Mtu akija kuulizia kitanda chake, Isdori anamjibu kifaranga, mafundi wanashika vichwa.

Pale mtaani Atuganile peke yake ndiye aliyejua mumewe anafunika nini kwa kicheko hicho. Kwa miaka mingi mumewe alikuwa na uvimbe kinenani, upande wa kulia, ulioanza siku aliyobeba magogo ya mipaini bila msaidizi. Akisimama unashuka, akilala chali anausukuma kwa vidole na unarudi ndani taratibu. "Ni mshipa tu," alimwambia mkewe, na alikuwa akinywa mizizi ya kuchemsha aliyoletewa na kaka yake kutoka Mwimbi. Hospitali hakuwahi kwenda. Ufipani, na si Ufipani tu, mwanamume mwenye ngiri haumwi. Anachekwa.

*

Jumapili iliyofuata tivii ilikuwa imekolea, Dokta Tetere amejifungia kwenye friji ya damu, Isdori alipoinuka kwenye kiti chake na kupita katikati ya watu akiwa amejikunja. Atuganile alidhani anakwenda uani. Kisha akasikia mtu anatapika nyuma ya jiko.

"Ni ile migebuka," Hellena alisema bila kutoa macho kwenye kioo. "Niliwaambia samaki wa Wampembe wakifika huku wamepanda gari siku mbili, hata paka anawaomba radhi. Mama Violeth, mpe maziwa."

Atuganile alimkuta mumewe ameshaingia chumbani, amelala chali, suruali imefunguliwa, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Alikuwa akisukuma. Uvimbe ulikuwa mgumu kama ngumi ya mtoto, na ngozi yake iling'aa.

"Hairudi," Isdori alisema.

"Sukuma taratibu."

"Mama Violeth, hairudi."

"Basi twende hospitali. Ngoja niwatoe watu."

Isdori alimshika mkono kwa nguvu ambazo mkewe hakudhani bado anazo. "Utawatoa kwa kusema nini? Hellena atataka kujua. Ukiwafukuza watajua ni kitu. Ngoja kiishe."

Hapo ndipo nyumba iliyojaa ilipomgeukia mwenye nyumba. Mgeni hafukuzwi, na mgeni anayecheka hafukuzwi kabisa. Atuganile alirudi sebuleni, akamimina chai, akatabasamu pale walipotabasamu. Kila kicheko kilipopanda alisikia nyuma yake, upande wa pili wa pazia, mumewe akiuma shuka. Alijiambia kipindi si kirefu. Kilikuwa kirefu. Lilikuja tangazo la sabuni, likaja la mbolea, kisha wakaonyesha vipande vya wiki iliyopita, na mzee wa ngiri akabwekewa na mbwa wake mara ya pili, na watu wakacheka upya kana kwamba hawajawahi kumwona.

Walipoanza kutawanyika alimvuta pembeni Yusto, kijana wa bajaji aliyeoa mwaka jana na kupanga nyumba ya tatu kutoka kwao. "Kaka yako tumbo limemkamata. Tusogeze hospitali."

"Ile migebuka," Yusto alisema, akafuta kiti cha nyuma kwa kofia yake.

*

Daktari aliyewapokea alikuwa msichana. Mwembamba, raba nyeupe miguuni, koti limemzidi mabega, na shingoni kile kipimo cha kusikilizia moyo amekitundika vilevile wanavyokitundika kwenye tivii. Aliamkia, "Shikamooni," kwa adabu ya mtoto wa Kinyakyusa aliyelelewa, akajitaja kuwa ni Dokta Happyness. Alipouliza maumivu yako wapi, Isdori alionyesha kitovu.

"Nikuangalie, baba."

"Angalia hapohapo juu."

"Inabidi nione na chini."

"Kuna mwanamume?"

Akaitwa nesi mwanamume, pazia likavutwa, na Isdori akageuza uso ukutani wakati binti wa rika la Violeth wake akimshusha suruali. Atuganile alitazama mikono ya yule binti: haikutetemeka, na ilikuwa ya upole. Lakini Isdori hakuona mikono. Alikuwa anatazama ukuta.

"Baba, hii ni ngiri, imenasa," Dokta Happyness alisema kwa sauti ya chini, vitanda vya jirani visisikie. "Utumbo umeshuka ukapita kwenye tundu, na tundu limeukaba. Kama mbuzi aliyejizungushia kamba shingoni. Damu haipiti. Tukikupasua leo, tunaulegeza unarudi, na baada ya siku chache unakwenda nyumbani. Tukichelewa utaoza humo ndani."

"Nani anapasua?"

"Dokta Lugano. Ndiye anayetusimamia zamu hii. Hizi amefanya nyingi sana."

"Ni bingwa?"

"Bingwa yuko Mbeya, anarudi kesho. Lakini hii haihitaji kumsubiri, baba."

"Na wewe utakuwepo?"

Angeweza kudanganya. Mtu mzima zaidi, aliyezoea watu, angesema hapana, au angesema mimi ni wa kuandika tu. Yeye alikuwa bado mpya. "Nitakuwepo, namsaidia."

"Wewe ni wa mafunzo."

"Nimemaliza chuo, baba. Sasa hivi niko kwenye mafunzo kwa vitendo."

"Koti jipya," Isdori alisema, na hata katika maumivu yale mdomo wake ulipinda upande kama anataka kucheka. Kitanda cha pili mzee aliyefungwa bandeji kichwani alicheka kweli. Kumbe naye Jumapili huwa anaangalia.

*

"Kubali," Atuganile alimwambia walipoachwa wawili. "Baba Violeth, nakuomba. Ile ni michezo. Wale ni waigizaji, wanalipwa ili wakosee."

"Waigizaji wanaigiza nini? Si wanaigiza yaliyopo?"

"Yule binti anajua anachokisema. Nimemwona."

"Umemwona wapi? Wewe ulikuwa wa kwanza kucheka. Mbwa alipobweka, nani alipiga magoti sakafuni? Si wewe?" Akauma meno wimbi la maumivu lipite. "Nikitoka hapa nikikohoa tu, Hellena atasema umesikia sauti? Kule karakana nilichowafanyia wenzangu watanirudishia mpaka nizeeke. Nimeiga mwenyewe. Nimewafundisha."

"Hawatajua umepasuliwa nini."

"Kizwite?" alisema.

Ni Atuganile mwenyewe aliyekuwa akisema kwamba Kizwite ukipika maharage mawili, jirani anakuuliza lile la tatu liko wapi.

Aliona bora ampigie simu shemeji yake, Felisiani, kaka mkubwa wa Isdori, ambaye kwa bahati alikuwa mjini ameleta mahindi. Alifanya hivyo akijua kwamba Isdori hajawahi kumkatalia kaka yake kitu. Felisiani akisema pasuliwa, atapasuliwa. Lilikuwa wazo zuri, na baadaye alilirudia kichwani mara nyingi akitafuta mahali lilipoharibikia.

Felisiani alifika na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Alimsikiliza Dokta Happyness kwa heshima, kofia mkononi, akaitikia kwa kichwa penye kuitikia. Kisha akamsikiliza na Dokta Lugano, aliyetoka chumba cha upasuaji amevaa viatu vya plastiki, ambaye naye kwa macho ya Felisiani hakuwa na ndevu za kutosha.

"Nimewaelewa, wanangu," alisema. "Hela si tatizo, mahindi nimeuza. Dawa ya maumivu mpeni, nzuri, hata ya kununua nje. Lakini kisu tutamsubiri mkubwa wenu. Kesho si mbali."

"Mzee, kesho ni mbali," Dokta Happyness alisema.

"Ana huo mshipa tangu Violeth hajazaliwa. Haujamuua. Utamuua leo kwa sababu nyie mnataka kujifunza?"

"Basi tumpe gari aende Mbeya sasa hivi."

"Na huko njiani hautaoza?" Alimgeukia ndugu yake. "Wewe mwenyewe unasemaje, Isdori?"

"Nimsubiri bingwa," Isdori alisema.

"Mwenye mwili amesema."

Dokta Happyness alimfuata Atuganile koridoni. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa kukosa usingizi. "Mama, wewe ndiye mke. Wewe ongea nao tena. Siwezi kumpasua mtu mwenye akili timamu aliyekataa. Siruhusiwi."

Atuganile akarudi. Alisema aliyoyasema, ya upole na ya ukali, mpaka Felisiani akainua kiganja. "Shemeji. Ulikuja kwenye ukoo huu na begi moja, tukakupokea, hatujakunyima neno. Lakini hapa tunazungumzia mwili wa mtoto wa mama yangu. Nenda ukatafute uji."

Akaenda kutafuta uji. Ndiyo kazi iliyokuwa imebaki.

*

Asubuhi Isdori aliamka hana maumivu.

Hayakuwa yamepungua, hayakuwepo kabisa. Alifungua macho, akajipapasa, akamwangalia mkewe kama mtu aliyerudishiwa mfuko wake uliokuwa umeibwa. "Imeachia," alisema. "Mama Violeth, imeachia." Akaomba uji. Akamuuliza Felisiani mahindi yameuzwaje, na alipotajiwa bei akasema wamempunja. Mzee wa bandeji kitanda cha pili akasema Mungu mkubwa. Felisiani akasimama, akanyoosha mgongo uliolala benchi, na akaanza kuwasimulia ndugu wa wagonjwa wengine jinsi vitoto vilivyotaka kuharakisha kisu. Alikuwa msimuliaji mzuri. Watu walicheka.

Atuganile naye alikuwa ameanza kucheka. Kicheko kilikuwa kimeshafika kooni Dokta Happyness alipoingia, akasikia kwamba maumivu yameisha, na uso wake ukaanguka.

Aliweka kiganja tumboni kwa Isdori. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Aliweka vidole kwenye mshipa wa mkono wake, akahesabu kimyakimya, akahesabu tena. "Asipewe uji," alimwambia nesi, kisha akatoka mbio, na zile raba zake nyeupe zililia sakafuni.

"Wamekosa mtu wa kujifunzia," Felisiani alisema, na watu wakacheka tena.

Ni Atuganile tu aliyemfuata. Alimkuta kwenye simu, anamwambia bingwa aharakishe, na alipoikata hakujificha. "Utumbo ukifa, mama, hauumi tena," alisema. "Ndiyo maana hasikii."

Atuganile alisimama pale koridoni na maneno hayo. Alitaka kurudi ndani ayaseme, lakini kutoka wodini alisikia sauti ya mumewe, ile nzito, ya kawaida, ikimwambia kaka yake kwamba wakirudi nyumbani amchinjie jogoo. Hakujua mtu anaingiaje na habari kama ile mahali watu wanapofurahi.

Bingwa alifika mchana. Hakuwa mzee mnene. Alikuwa mtu mfupi, mchovu, na hakuuliza kwa nini walimsubiri. Wakati huo Isdori alikuwa ameshaanza kuongea na watu wasiokuwepo, anawaamuru wamletee msumeno. Hakuna tena aliyeulizwa kama anakubali. Felisiani mwenyewe alisukuma kitanda chenye magurudumu mpaka mlango ulipomzuia, akiwaambia, "Fanyeni tu, wanangu, fanyeni." Walimkata utumbo mrefu. Aliishi usiku ule na mchana uliofuata, na jioni, mkewe akiwa anamfuta midomo kwa pamba, akaacha.

Dokta Happyness alikuja kusema pole. Felisiani alimpa mkono bila kumtazama usoni.

*

Kabla mwili haujatoka hospitali, Felisiani alimketisha shemeji yake nje, penye benchi la saruji.

"Watu watauliza," alisema.

"Watauliza."

"Ni presha. Ilimpanda ghafla. Alikuwa akifanya kazi nzito, ikampanda." Alikuwa ananyonga kofia yake kama anakamua nguo. "Mdogo wangu hatazikwa na kicheko. Watoto wa mtaa wenu wasije wakamwigia juu ya kaburi. Umenielewa? Hili neno tukamzike nalo."

"Shemeji, tungekubali siku ile..."

"Nalijua," Felisiani alisema, na sauti yake ikapasuka kati. "Unadhani silijui? Nitalala nalo mimi." Akajifuta uso wote kwa kiganja kimoja. Alipoanza tena alikuwa kaka mkubwa. "Nyumba ile alijenga kwenye kiwanja cha baba. Arobaini ikipita wazee watakaa kuizungumza. Mimi nitakusemea vizuri, wewe na Violeth. Lakini usinitie aibu na marehemu wangu."

Kwa hiyo ikawa presha. Na Kizwite, ambayo haijawahi kuamini kitu mara ya kwanza, hii iliiamini, kwa sababu presha ni ugonjwa wa watu wenye heshima, hata wakubwa serikalini wanao. Hellena alifungua duka zima la ushahidi: kwamba alimwona Isdori ameshika kichwa, kwamba yeye ndiye aliyesema chumvi ipunguzwe. Ile migebuka haikutajwa tena. Nyumba ilijaa kuliko Jumapili yoyote. Turubai lilifungwa uani, masufuria yakaletwa kutoka parokiani, wanaume wakacheza karata kimyakimya, na Atuganile alikaa mkekani katikati ya wanawake, kichwa kimefungwa khanga, akijibu kila aliyeinama kumshika mkono. Presha. Ghafla tu. Ndiyo, presha.

Siku ya tatu baada ya maziko, Yusto alikuja mpaka ukingoni mwa mkeka, akachuchumaa.

"Shemeji, nina neno dogo. Kama hutajali."

Atuganile alimsogelea. Yusto hakuwa wa kuficha maneno, lakini leo alikuwa anachora mchanga kwa kidole.

"Ile siku kwenye bajaji. Nilikuwa namwona kwenye kioo. Hakushika kichwa, shemeji."

Atuganile alivuta khanga ikamfunika paji la uso.

"Alishika huku chini. Kila shimo tulilopita anashika. Nimewaza tu." Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Kuna mtu ninayemjua, si wa hapa, ana kitu. Akilala kinarudi. Juzijuzi kimeanza kuchelewa kurudi. Sasa nikasema labda na baba Violeth alikuwa hivyohivyo, nikamwambia huyo mtu akimbilie hospitali kabla mambo hayajawa mambo. Ila anaogopa. Unajua wale madaktari wenyewe. Na watu nao, unawajua." Alijaribu kucheka. "Mkewe ana mimba ya kwanza, huyo mtu."

Chini ya turubai Felisiani alikuwa ameacha kugawa karata. Alikuwa mbali, asingeweza kusikia neno hata moja, lakini macho yake yalikuwa juu ya mdomo wa shemeji yake, na pembeni yake waliketi wazee wawili wa ukoo waliotoka Mwimbi, wale watakaokaa arobaini ikipita. Ndani ya nyumba Violeth alikuwa anaosha vyombo na shangazi zake. Atuganile, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa cha kusema, aliuona ulimi wake umelala mdomoni kama kitu cha mtu mwingine.

"Ilikuwa presha, Yusto."

"Presha tu?"

"Presha."

Yusto alishusha pumzi ndefu, na mabega yake yakateremka. "Basi afadhali," alisema. "Nitamwambia asihangaike."

Akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu, akaondoka. Wanawake wa jumuiya walikuwa wameanza rozari, na Hellena akampigia Atuganile mkeka kwa kiganja, aje akae katikati, mahali pake. Akaja, akakaa. Bajaji iliwashwa huko nje, ikakataa, ikawashwa tena. Walipofika kwenye "utuombee sisi wakosefu" aliitikia pamoja na wenzake, kwa sauti kubwa, akisikiliza ile injini ikishuka na barabara mpaka haikusikika tena.